Pampu ya tangi la darini: rilei inagonga, waya wa shaba unaliwa

Amu_12V

Assalaam alaykum mafundi. Naomba macho yenu kwenye saketi ya kuzima pampu tangi la darini likijaa.

Mpangilio ni huu. Jabia (birika kubwa la kuhifadhi maji) liko uani, tangi la plastiki la lita 1,000 liko darini, pampu ya kilowati 0.75 inapandisha maji. Saketi inakula adapta ya volti 12, ampea 1. Ndani ya tangi nimening'iniza nyaya mbili za shaba za milimita mraba 1.5, kila mmoja umevuliwa ganda sentimita 10 za mwisho. Mmoja unafika chini kabisa na umefungwa kwenye +12. Wa pili unaishia karibu na ukingo wa tangi, unarudi kwenye beisi ya transista BC547 kupitia rezista ya kiloomu 1. Emita iko kwenye hasi, kolekta inavuta rilei ndogo ya bluu (swichi inayovutwa na umeme) ya volti 12, koili omu 400, kontakti zimeandikwa 10 A 250 V. Pampu imepitia mguu wa NC (unaogusana rilei ikiwa imelala), kwa hiyo maji yakigusa waya wa juu rilei inavuta na pampu inazima.

Kero ni tatu. Wakati wa kaskazi, jabia lilipokuwa likijazwa maji ya kisima, pampu ilizima vizuri, lakini waya wa chini uliliwa: wiki tatu tu ukawa mwembamba kama uzi, una kijani, ukakatika. Wa juu umeota ukoko mweupe basi. Nikaweka mpya. Masika yalipojaza jabia kwa maji ya mvua, ikaja kero ya pili: tangi likikaribia kujaa rilei inagonga tiki-tiki-tiki, na pampu inashtuka nayo. Ya tatu, juzi pampu haikuzima kabisa, maji yakamwagika. Nilipoigonga rilei kwa mpini wa bisibisi ikaachia.

Volti za kolekta wakati inagonga zinachezacheza kati ya 1 na 9. Dayodi kwenye koili sijaweka. Nataka kujenga mwenyewe, si kununua kisanduku kilicho tayari.

MwangaMalindi

Waalaykum salaam ndugu. Hapo kuna magonjwa matatu tofauti, usiyatibu kwa chupa moja.

Waya ulioliwa: ule ulio kwenye +12 ndio unaoliwa, siku zote. Umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) ukipita majini, shaba ya upande chanya inayeyuka na kuingia kwenye maji. Upande hasi unatoa viputo vya haidrojeni na kukusanya chokaa, ndio huo ukoko wako mweupe. Piga hesabu. Maji ya kisima yana chumvi, ukinzani wake ni mdogo, kwa hiyo kinachozuia mkondo ni ile kiloomu 1 pamoja na maji yenyewe. Tuseme miliampea 5. Miliampea 1 kwa saa 24 huondoa shaba miligramu 28, basi 5 huondoa miligramu 140. Sentimita 10 za waya wako zina shaba gramu 1.3 tu. Tangi likikaa limejaa siku tisa au kumi mfululizo, waya umekwisha. Na kwa kuwa halishindi limejaa, wiki tatu zako zinaingia sawasawa. Shaba hiyo imekwenda kwenye maji mnayotumia nyumbani.

Kugonga: maji ya mvua hayana chumvi, na nyaya zako ziko mbali, mmoja chini mwingine juu. Ukinzani kati yao unafika makumi ya kiloomu. Koili ya omu 400 inataka miliampea 30. BC547 yenye ukuzaji wa 200 inahitaji miliampea 0.15 kwenye beisi ili ipitishe hizo 30, na kiasi hicho unakipata maji yakiwa na kiloomu 75 hivi. Ndiyo kusema transista haijafunga wala haijafunguka, na kila wimbi linaloangushwa na bomba linaisukuma huku na huku. Zile volti 1 hadi 9 ulizopima ndizo hizo. Wakati wa kaskazi ugonjwa huu ulikuwapo, umefichwa na chumvi.

Rilei kuganda: ampea 10 zilizoandikwa ni za mzigo mtulivu, kama pasi au hita. Mota yako inakula ampea 5 au 6 ikishashika mwendo, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Ukiianzisha mara kadhaa kwa sekunde, unachomelea kontakti zako mwenyewe.

Na jambo ambalo hukuuliza: mguu wa NC ni hatari hapa. Adapta ikifa, pampu inakwenda bila mwisho. Tumia NO (unaogusana rilei ikivuta), ili saketi ikifa pampu nayo ilale.

Bi Lehemu ana mchoro wa IC (chipu) ya 555 kwa kazi hii hii. Namwachia.

Bi_Lehemu

Kaka Amu, Mwanga amekwisha kusema ugonjwa. Mimi nitasema ujenzi.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Saketi yako ina kijiti (waya wa kupimia maji) kimoja cha kuamua, kwa hiyo kuwasha na kuzima vinatokea kwenye kina kile kile. Lazima pawe na pengo: iwashe maji yakishuka chini ya kijiti cha chini, izime yakigusa cha juu, na katikati ikumbuke ilikuwa ikifanya nini. IC ya 555, iliyoingia sokoni mwaka 1972, ina kumbukumbu hiyo ndani yake. Pini 2 ikishuka chini ya theluthi moja ya volti za umeme, pini 3 inapanda. Pini 6 ikivuka theluthi mbili, pini 3 inashuka. Kati ya hapo haibadiliki. Kwa volti 12, mipaka ni 4 na 8. Tena kwa kuwa mipaka ni sehemu ya umeme wenyewe, stima ikiyumba nayo inayumba pamoja, haikuumizi.

Chukua aina ya CMOS, ICM7555 au TLC555, si NE555. Pini 2 ya NE555 inatoa mkondo mdogo wake mwenyewe, na ukitumia rezista kubwa unakuharibia vipimo.

Nyaya zinakwenda hivi. Pini 1 hasi, pini 8 kwenye +12, na baina yao, karibu kabisa na miguu ya IC, kapasita ya nanofaradi 100. Ongeza ya maikrofaradi 100 pale umeme unapoingia kwenye bodi. Pini 5, nanofaradi 10 kwenda hasi. Wengi huiruka hiyo, kisha wanashangaa IC inabadilika pampu ikizima. Pini 4 kwenye +12 kupitia kiloomu 10, na maikrofaradi 100 kutoka pini 4 kwenda hasi, ili stima ikirudi 555 ianze ikiwa imezima. Pini 7 iache wazi.

Kijiti cha pamoja kipe +12 kupitia kiloomu 1. Kijiti cha chini kije pini 2 kupitia kiloomu 10, cha juu kije pini 6 kupitia kiloomu 10 nyingine. Kutoka pini 2 kwenda hasi weka rezista ya kuvuta chini na nanofaradi 100 sambamba nayo. Pini 6 vivyo hivyo.

Rezista hizo mbili za kuvuta chini ndizo moyo wa saketi. Anza na kiloomu 100, kisha upime kabla hujachomelea moja kwa moja. Kwa kiloomu 100, mkondo wa kijiti hauzidi maikroampea 120, kutoka miliampea 5 ulizokuwa nazo.

Pini 3 iende beisi ya BC547 kupitia kiloomu 3.3. Hiyo inatoa zaidi ya miliampea 3, transista inafunguka yote bila kusitasita. Rilei kati ya +12 na kolekta. Dayodi 1N4007 sambamba na koili, mstari mweupe upande wa +12. Ukiigeuza utachoma transista mara ya kwanza pini 3 ikipanda.

Rilei ya bluu isiguse pampu. Iwashe koili ya kontakta (rilei kubwa) ya volti 240, daraja AC-3 (la mota), ampea 9 au zaidi, na kontakta ndiyo ibebe mota.

Vijiti viwe chuma cha pua, 316 ukikipata, maana 304 huanza madoa haraka kwenye maji ya chumvi. Mkaa wa katikati ya betri kubwa za tochi, zile za kawaida zisizo alkalaini, nao hauliwi, lakini kwa tangi la maji ya kunywa mimi sitii kitu kilichotoka ndani ya betri. Kijiti cha chini kiwe juu ya mdomo wa bomba la kutolea maji, na kati yake na cha juu pasipungue sentimita 40, la sivyo pampu itaamka kila mtu anapotawadha.

Jaribu bila pampu. Weka balbu mahali pa kontakta, vijiti ndani ya karai, umimine maji ya jabia taratibu. Karai tupu: pini 2 na pini 6 karibu na sifuri, pini 3 karibu na 12. Maji yakigusa cha chini: pini 2 inapanda, pini 3 inabaki juu. Yakigusa cha juu: pini 6 inavuka 8, pini 3 inaanguka. Chota maji: pini 3 isipande hadi kijiti cha chini kiwe wazi. Ikipanda mapema, umebadilisha pini 2 na 6.

Pwani_Kavu

Mchoro wa Bi Lehemu ni mzuri, ila jiulizeni: waya ukikatika, pampu inafanya nini?

Waya wa kijiti cha chini ukikatika, pini 2 inavutwa chini. Kwenye 555 pini 2 inaishinda pini 6; hata maji yakiwa yamegusa kijiti cha juu, pini 3 inabaki juu. Pampu haizimi. Mahali penye chumvi hewani, waya kukatika si jambo la kubahatisha, ni suala la lini.

Dawa ya kwanza ni ya shilingi chache: dayodi 1N4148 kutoka pini 6 kwenda pini 2, mstari upande wa pini 2. Kijiti cha juu kikiloa kinaiinua na pini 2, pampu inazima. Waya wa chini ukiwa umekatika, pampu itakuwa inawaka na kuzima karibu na ukingo kila maji yanapopungua kidogo, na hiyo yenyewe ni kengele.

Lakini waya wa kijiti cha pamoja ukikatika, pini zote mbili zinaona ukavu na dayodi haisaidii kitu. Kwa hiyo weka floti (swichi ya boya) ya kawaida sentimita 5 juu ya kijiti cha juu, ikate ile +12 ya koili ya rilei maji yakifika hapo. Isiwe upande wa 240. Na bomba la kufurikia lielekezwe mahali utakapoliona, si nyuma ya nyumba.

Hilo la floti linanifanya niulize kwa nini vijiti kabisa. Floti ya waya mrefu, ile ya umbo la peasi, ina pengo lake ndani: urefu wa waya kutoka kwenye uzito hadi kwenye floti ndio unaoamua iwashe wapi na izime wapi. Haijali chumvi wala mvua.

MwangaMalindi

Ndugu Pwani, kaka amesema anataka kujenga. Kwa tangi jembamba floti hiyo hugonga ukuta na kukwama. Kwa lita 1,000 inaenea, nakubali.

Mwenye ATtiny85 (chipu ndogo ya kuprogramu) ana njia nyingine. Pini moja iwe volti 5 na ya pili sifuri kwa milisekunde 1, soma, kisha zigeuze kwa milisekunde 1 nyingine, soma, halafu zote ziwe sifuri kwa sekunde 5. Umeme unaokwenda ni sawa na unaorudi, kijiti hakiliwi. Nyakati hizo mbili zilingane kweli, na usisahau kusubiri masomo kadhaa yanayokubaliana kabla ya kuamua, kwa sababu ya mawimbi.

Onyo kwa wote: adapta iwe ya kutenganisha kweli. Ile michoro ya kupata volti 12 kutoka kwenye stima kwa kapasita na dayodi tu isikaribie maji. Hasi yake ndiyo stima yenyewe, na utaining'iniza ndani ya tangi la kuogea. Na laini ya pampu ipite kwenye kikatizi cha umeme unaovuja, cha miliampea 30.

Amu_12V

Ahsanteni sana. Nimejenga ya Bi Lehemu na dayodi ya Ndugu Pwani, vijiti vya chuma cha pua. Kijiti cha pamoja nimekiacha kifupi, kiko chini kabisa kama ulivyokuwa ule waya.

Kwa kiloomu 100, maji ya mvua yakigusa kijiti cha juu, pini 6 inafika 6.9 tu. Haizimi. Nikabadilisha zote mbili kuwa megaomu 1: inazima safi. Lakini sasa alfajiri haiwaki. Tangi tupu, vijiti vikavu, pini 2 inasoma 5.1. Jua likipanda saa nne hivi inaanguka yenyewe na pampu inaanza.

Na kontakta inavuma hata pini 3 ikiwa sifuri. Mara nyingine haiachii mpaka nizime ukutani. Nimeweka rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 kuzima cheche, sambamba na kontakti za rilei.

Bi_Lehemu

Vipimo hivyo ni vizuri kuliko unavyodhani, vinakwambia thamani yenyewe.

Pini 6 ikisoma 6.9 kwa kiloomu 100, maji yako, pamoja na zile rezista za kiloomu 1 na 10 zilizo njiani, yana kiloomu 74 hivi. Ili ivuke 8, rezista ya kuvuta chini lazima iwe zaidi ya mara mbili ya maji: yaani zaidi ya kiloomu 148. Huo ni mpaka wa chini.

Alfajiri kuna umande, na umande wa huko Amu (Lamu) umechanganyika na chumvi. Unalala juu ya konekta ya skrubu darini, baina ya waya wa +12 na waya wa kijiti cha chini, na 555 inauona kama maji. Volti 5.1 kwenye megaomu 1, ukihesabu na megaomu 10 za mita yenyewe, ni uvujaji wa megaomu 1.2 hivi. Ili pini 2 ishuke chini ya 4 wakati huo, rezista lazima iwe chini ya nusu ya uvujaji: chini ya kiloomu 600. Huo ni mpaka wa juu.

Kati ya 150 na 600, chukua 330. Maji ya mvua: pini 6 inapata 9.8. Umande: pini 2 inabaki 2.6. Zote ziko mbali na mipaka. Kaskazi ikirudi na maji ya kisima, ukinzani wa maji unashuka, ambayo ni nafuu tu kwa pini 6. Mkondo wa kila kijiti hauzidi maikroampea 36, na hata vijiti vingekuwa shaba, cha pamoja, kinachobeba mikondo yote miwili, kingepoteza miligramu 2 kwa siku.

Ndiyo sababu nachukia michoro inayosema megaomu 1 bila kuuliza mahali. Huko bara inafanya kazi mwaka mzima.

Pwani_Kavu

Nyongeza moja kwa hesabu hiyo. Waya wa chini ukikatika, ile dayodi yangu inabebesha pini 6 rezista mbili sambamba, kiloomu 165. Kwa maji ya kiloomu 74 pini 6 inapata 8.3 kasoro kidogo. Inapita, kwa shida. Dawa si kupandisha rezista, ni kushusha ukinzani wa maji: kijiti cha pamoja kiwe kirefu kutoka chini hadi juu, kipite sentimita 3 kando ya hicho cha juu. Vipande vya plastiki vivishike visigusane.

Na uvujaji uutibu kwenye chanzo. Konekta isikae darini. Viungo vya nyaya na vijiti vichomelewe kwa risasi, vivishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na nyaya ziingie kwenye kisanduku kwa chini, zikiwa zimening'inia kidogo kabla ya tundu ili maji yadondoke badala ya kufuata waya. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Ile nyekundu tupu huwa nyeusi ndani ya ganda na risasi haishiki tena.

Bodi yenyewe: ukimaliza kulehemu sugua fluksi kwa spiriti na mswaki mgumu mpaka isinate kidoleni. Fluksi iliyobaki inanyonya unyevu, ndiyo uvujaji namba mbili. Kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ukiacha konekta na tundu la rilei. Silikoni ya kuziba kisanduku inuse kwanza: ikinuka siki, iache kwa kazi za bafuni, maana asidi yake inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

MwangaMalindi

Kontakta inayovuma: nanofaradi 100 kwenye volti 240 na hezi 50 inapitisha miliampea 7.5. Umeiweka sambamba na kontakti za rilei, kwa hiyo rilei ikifunguka mkondo huo unaendelea kupita kwenye koili ya kontakta. Koili ndogo inatosheka nao kuvuma, wakati mwingine hata kushikilia. Hamishia sambamba na koili yenyewe, A1 na A2. Kapasita iwe ya daraja X2 (la kuunganishwa na stima), volti 275 AC. Ya kawaida ya volti 400 DC hupasuka siku moja bila kukuaga. Rezista iwe ya wati 1.

Waya wa vijiti usishikane na kebo ya pampu ukutani. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba. Nyaya tatu za vijiti zisokotwe pamoja.

Amu_12V

Nimefanya yote. Kiloomu 330, kijiti cha pamoja kirefu, konekta imeondolewa darini, X2 kwenye A1 na A2. Kontakta kimya. Tangi likijaa pini 6 inasoma 11.2. Alfajiri, tangi tupu, pini 2 inasoma 0.3 na pampu inawaka.

Swali la mwisho: jabia likikauka pampu isiende kavu. Naweza kuongeza kijiti cha tatu jabiani kwenye pini 4?

Bi_Lehemu

Vipimo safi. Kwa 11.2 maji yako sasa ni kiloomu 24 tu, hata kiloomu 100 ingetosha, lakini 330 iache.

Kijiti jabiani usiweke. Pini 4 haina pengo: maji yakishuka pampu inazima, kina cha jabia kinatulia na kupanda vidole viwili, kijiti kinaloa, pampu inawaka, na tumerudi kwenye tiki-tiki yako ya kwanza. Hapa ndipo floti ya waya mrefu ya Ndugu Pwani inapofaa, waya wake kutoka kwenye uzito uwe sentimita 40 au zaidi.

Chagua nyaya mbili za floti zinazogusana ikiwa imening'inia chini. Zipime kwa mita, rangi hazifanani kila aina. Mmoja uende hasi, wa pili pini 4 kupitia omu 100, ili floti isimwage ile kapasita ya maikrofaradi 100 kwa ghafla na kuunguza kontakti zake. Jabia likishuka, pini 4 inabaki na volti 0.12, 555 inazima na kukaa hivyo. Likijaa tena, floti inaachia, kiloomu 10 inaivuta pini 4 juu, na kama tangi la darini bado liko chini ya kijiti cha chini pampu inaanza yenyewe. Waya wa tatu wa floti, ukiwepo, ukate na uuzibe. Usiuache wazi ndani ya kisanduku.

Amu_12V

Na kama tangi la darini liko nusu wakati floti inaachia?

Bi_Lehemu

Itabaki imezima hadi maji yashuke chini ya kijiti cha chini. Ukitaka kulijaza mara moja, weka kitufe cha kubonyeza kutoka pini 2 kwenda hasi kupitia kiloomu 1. Bonyeza sekunde moja, pini 3 inapanda, na itazima yenyewe likijaa.